Baruti kwa Mbegu za Mturituri

Nimechoka, wajukuu zangu, na zaidi nimechoka kuulizwa. Juzi mmoja wenu amerudi kutoka Kona ya Musa na jipya lake: ati vijana wa pale wanasema bibi yenu alikuwa akitengeneza risasi za mzungu, na risasi hizo hizo ndizo zilizomuua babu yenu. Akaniuliza huku anacheka, "Bibi, kwani ulikuwa soldier?" Mimi nikaendelea kuchambua mchicha, magoti yananiuma. Leo nitajibu. Kaeni, na simu hizo ziwekeni chini. Nikimaliza msinirudishe nyuma kwa maswali, maana sitakuwa na nguvu ya kurudi.

Ni kweli nilitengeneza risasi. Miaka ya hamsini hiyo, mimi mwanamke wa Kidigo na buibui langu, mama yenu akiwa mchanga analala kwenye mkeka pembeni, nilikuwa nikikaa mezani najaza baruti kwenye maganda. Watu walicheka mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa na sababu moja ya kuifanya kazi ile vizuri, nayo ni babu yenu Nassoro. Risasi niliyoijaza mimi ndiyo iliyokuwa ikiamua kama atarudi nyumbani mzima au atarudi amebebwa. Ngojeni, nitawaeleza kwa nini.

Bwana tuliyemfanyia kazi alikuwa na shamba la minazi baina ya Diani na Msambweni. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli kabla ya kustaafu. Jina lake la kizungu lilitushinda ulimi, basi tukamwita Bwana Miwani, kwa kuwa alikuwa na moja usoni, moja kipajini, na bado anauliza nani ameiona miwani yake. Alikuwa na bunduki ya kuwindia, nyepesi hasa, mtutu mwembamba, ukiitia begani huna habari nayo. Nassoro ndiye aliyekuwa akifuata nyayo na kumwonyesha mnyama. Wakati ule bara kulikuwa na Hali ya Hatari, na serikali ilikuwa imezibana risasi. Za dukani Mombasa zilikuwa chache, na hizo chache bunduki ile haikuzipenda. Ikizipiga, moja inakwenda Vanga na nyingine inakwenda Likoni.

Kwa hiyo bwana akaamua kujijazia mwenyewe. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudisha umbo lake kwa koleo, unalitia fataki mpya kwa chini, ile inayogongwa ikatoa cheche, kisha unapima baruti na kumalizia kwa kukipachika kichwa cha risasi. Ukiisikia unaona ni kazi ya mtoto. Shida ni kwamba mikono ya bwana ilikuwa imeanza kutetemeka. Kijiko cha baruti kikifika kwenye ganda, nusu yake iko mezani.

Hapo ndipo Nassoro alipofungua mdomo wake. "Bwana, mke wangu ni mtoto wa sonara. Mikono yake haitetemeki hata akiwa na hasira."

"Yeye iko hasira mara mingi?" bwana akauliza.

"Kila siku, bwana."

Basi nikaitwa. Baba yangu alikuwa sonara hapa Msambweni, na mimi nimekua nikipima dhahabu kwenye kimizani chake kwa mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi. Sonara wa zamani hawakuwa na mawe mengine ya mizani. Bwana alikuwa na mawe yake ya shaba kwenye kisanduku cha mahameli, mazuri kweli, lakini mimi vidole vyangu vilizijua mbegu. Akanitazama nikipima, akatikisa kichwa, akasema, "Pima na kitu wewe najua. Lakini kila ganda iwe sawa na ndugu yake." Na hilo ndilo fundisho lote la kazi ile, wajukuu zangu. Yaliyobaki ni maneno ya kunogesha.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema risasi zile ndizo zilizoshika roho ya babu yenu. Sisi ni Waislamu, na risasi haichinji. Hivyo ndivyo walivyotufundisha waalimu wetu. Mnyama akifa kwa risasi peke yake ni mzoga. Mpaka umuwahi roho ingali mwilini, useme bismillahi, upitishe kisu. Bwana Miwani yeye alitaka mnyama afe pale pale, asiteseke, na huo pia ni utu, simlaumu. Lakini nyama ile ilikuwa ni ya wafanyakazi wa shamba, na wafanyakazi ni sisi. Wakaelewana: bwana apige begani, karibu na shingo, mnyama aanguke na asiweze kusimama, na Nassoro akimbie na kisu. Risasi ikiingia vidole viwili mbele, amekufa kabla hajafikiwa, na nyama ni ya mbwa. Vidole viwili nyuma au chini, hajafa wala hajavunjika, na anayemkimbilia ni mume wangu.

Mnaelewa? Bwana alikuwa akipiga kutoka mbali. Aliyekuwa akienda kuthibitisha kama risasi imekaa penyewe, kwa mwili wake, ni Nassoro.

Mwanzo nilifanya mambo ya aibu. Siku moja mpishi alikuja kunisimulia habari za ugomvi wa majirani, nami niko na kijiko mkononi. Tukacheka, tukasema "astaghfirullah", nikaendelea kujaza. Bwana alikuwa na kawaida ya kuchungulia ndani ya kila ganda kwa tochi kabla halijafungwa. Akachungulia, akasimama, kiti kikaanguka. "Mwanaisha! Wewe nataka ua mimi?" Ganda moja nilikuwa nimelitia mara mbili. Lingepigwa lile, bunduki ingepasuka usoni mwake. Tangu siku hiyo mtu akiniingilia chumbani nina baruti mkononi, simjibu salamu mpaka nimemaliza. Nikasemwa nina kiburi. Wacha waseme. Kazi ya kupima haitaki mdomo.

Jingine ni kiasi. Bwana, kama wanaume wote, alikuwa akipenda vingi. Aliona baruti nyingi ndiyo mwendo, na mwendo ndiyo shabaha. Lakini bunduki nyepesi ukiitia baruti nyingi inaruka kama punda aliyechomwa mwiba, na begani inakuachia jipu. Tukipiga karatasi, matundu yametawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Yeye mwenyewe akachoka kupigwa bega, akasema tupunguze. Tukapunguza kidogo kidogo, mbegu kwa mbegu, tunapiga, tunatazama, tunapunguza tena. Tulipofika mahali fulani matundu yakaanza kusogeleana. Tukapunguza kidogo tena, yakakaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa. Tulipozidi kupunguza yakatawanyika upya. Bwana akapiga meza, akasema, "Hapa hapa! Hapana gusa!" Na hatukugusa. Kila bunduki ina kiasi chake inachokipenda, na huijui mpaka umeiuliza kwa subira.

Na mtutu mwembamba unapata moto upesi. Ukipiga mfululizo, ya kwanza inakwenda sawa, ya pili inasogea, ya tatu inakwenda kutembea. Basi tulikuwa tukipiga moja, tunaacha upoe, bwana anavuta kiko, mimi nanyonyesha. Alikuwa akiniambia nizitilie maanani zile za kwanza tu, za mtutu baridi, kwa kuwa mnyama porini hakupi nafasi ya kurekebisha. Maneno hayo nimeyatumia katika mambo mengi kuliko bunduki.

Masika moja yakatutia wazimu. Risasi zote zikaanza kwenda kushoto. Nikapima upya, nikachambua maganda upya, nikatupa yote yenye alama ya ufa, nikalia. Bwana ananitazama mimi, mimi namtazama bwana, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwenye makosa. Siku hizo Nassoro haendi porini, mimi ndiye niliyemkataza, na bwana akakubali. Kumbe ni mti wa bunduki. Unyevu wa pwani umeingia kwenye ubao, ubao umefura, unausukuma mtutu. Bwana alichukua karatasi akaipitisha baina ya mtutu na ubao. Mahali pamoja ikakwama. Akapakwangua kwa kipande cha chupa mpaka karatasi ikapita yote, akapaka mafuta, matundu yakarudi. Alicheka siku ile mpaka miwani yote miwili ikaanguka.

Mnaona ninavyozungusha. Mdomo unapenda kukaa kwenye habari nyepesi.

Nyumbani tulikaa na mavyaa wangu, mama yake Nassoro, Bi Mwanahamisi. Watu husema mke na mavyaa ni paka na panya. Wallahi sisi hatukuwa hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Alikuwa akinikunia nazi siku nikirudi mikono imekufa ganzi. Watoto wake wote walikuwa wametangulia, amebaki Nassoro peke yake, na kazi ile ya kukimbilia wanyama ilikuwa ikimtoa roho. "Mwanangu wamemfanya mbwa wa kuwindia," alikuwa akisema. Mimi nikimjibu, "Mama, usiogope. Risasi nazijaza mimi." Naye akisema, "Haya, mwanangu, mikono yako na Mungu." Kila kabla ya safari alikuwa akimnywesha Nassoro kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikayeyushwa kwa maji ya mawaridi, mtu akanywa kwa kinga. Nassoro akinywa mpaka tone la mwisho. Alikuwa mtoto wa mamake, hakuona haya.

Mwaka ule maulidi yalikaribia, na bwana akasema atatoa nyama ya karamu. Safari ikapangwa kwenda upande wa Kikoneni, kwenye yale mabonde yenye vichaka. Kwa kuwa walikuwa waondoke alfajiri, risasi za safari nilizikabidhi kwa Nassoro jana yake mchana, kwenye mkoba wa ngozi. Serikali ilikuwa haitaki mtu kama yeye alale na risasi nyumbani, lakini bwana alimwamini. Nilikuwa nimezikagua moja moja. Nawaambia hivi sijitetei. Nawaambia jinsi ilivyokuwa.

Walimpata pongo dume. Si tembo, si nyati. Pongo, mnyama wa kimo cha mbuzi, wa vichakani, mwenye pembe mbili za kujisokota na ncha kama msumari. Yaliyofuata aliniambia bwana mwenyewe, amekaa chini barazani kwangu, hana miwani hata moja. Alipiga. Mlio ulikuwa mdogo, haukuwa mlio tuliouzoea. Pongo akaanguka. Nassoro akatoka mbio na kisu, "Bismillahi" mdomoni, hakungoja, kwa kuwa risasi za mkewe hazikuwahi kumdanganya. Alipomshika pembe, pongo akainuka. Risasi ilikuwa imempiga chini, mguuni, kwa nguvu haba. Akamtupa Nassoro, akageuka kumrudia. Bwana alikuwa na nafasi. Mnyama amesimama peke yake mbele yake, wazi. Akavuta kifyatulio.

"Bunduki nasema tik," aliniambia. "Mimi natoa risasi, natia ingine. Nasema tik tena."

Pembe iliingia pajani, juu, penye mshipa mkubwa. Walipomfikisha barabarani alikuwa amekwisha kukata roho.

Tulimzika. Baada ya siku za matanga bwana alikuja na zile risasi zilizokataa, ameziweka kwenye kitambaa, akaniomba nizifungue. Hakunilaumu. Alitaka kujua tu, alikuwa mtu wa mitambo. Mimi nilikuwa kwenye eda ya kufiwa, sikutoka. Nilizifungua ndani, kwa koleo, yeye akiwa barazani. Kichwa cha kwanza kilipotoka, baruti haikumwagika. Ilitoka kwa mabonge kama sukari iliyoingia maji. Nikaligeuza ganda, nikatazama kitako chake, pembezoni mwa fataki. Palikuwa na mstari wa manjano. Nikanusa. Mawaridi.

Nilikaa pale, nina ganda mkononi, na nje ya pazia mavyaa wangu alikuwa akipepeta mchele.

Sikuhitaji kumwuliza mtu. Nilimwona kama niliyekuwapo: mchana ule nilipokwenda kisimani, amechukua mkoba, amezilaza risasi kwenye bakuli la kombe lile lile alilomwandalia mwanawe, ameziacha zinywe kwa muda mrefu ili kinga iingie vizuri, kisha amezifuta kwa kanga yake moja moja na kuzirudisha. Alikuwa hajui kuwa risasi ya kujazwa kwa mkono haikuzibwa, maji hupenya. Angejuaje? Mimi ndiye niliyejua mambo hayo, na hakuna siku niliyowahi kumweleza, maana nani huzungumza habari za fataki na mavyaa wake? Alifanya alichokijua kwa mwana aliyempenda. Na asitokee mmoja wenu akamsema vibaya mbele yangu, nitamfukuza na fimbo hii.

Bwana akaita kutoka barazani, "Mwanaisha, wewe naona nini?"

Mchele ulinyamaza. Mavyaa alikuwa akisikiliza.

Nikasema kwa sauti, ili wote wawili wasikie, "Ni mimi, bwana. Baruti iliingia unyevu mezani kwangu. Sikuiangalia."

Ulikuwa uongo, Mungu anisamehe. Lakini nambieni, ningesema nini? Ningemwambia mwanamke aliyezika watoto wake wote kwamba huyu wa mwisho amemuua kwa mkono wake, tena kwa aya alizomwandalia kwa mapenzi? Angeishi na nini? Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, nilikuwa na miaka mbele yangu, ningeweza kubeba. Nilidhani ni mzigo wa muda. Sikujua kuwa mzigo wa namna ile hautuliki.

Bwana akainuka, akaenda zake. Bunduki akaiuza, meza ile akaipasua kuni, na baadaye akarudi kwao. Kazi yangu iliishia hapo, na hakuna aliyeniambia tena nipime kitu. Msambweni nzima ikajua kuwa risasi za Mwanaisha zilimuua mumewe. Nikipita kisimani, wanawake wanajitwika mitungi yao, wanaondoka. Nilikaanga mihogo, nilishona makuti, nilimlea mama yenu. Hayo mnayoyajua.

Na mavyaa wangu hakunifukuza. Angeweza. Alikaa na mimi nyumba moja miaka mingi, kwa ajili ya mjukuu wake, lakini hakunisuka nywele tena, na chakula nilichokipika hakukila. Alijipikia chungu chake kidogo upande wa pili wa jiko. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi. Hayo ndiyo maneno yetu, asubuhi na jioni. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie. Nikimtazama alivyoinama juu ya kile chungu, naufunga.

Uzee ukamlaza. Mikono ikakataa kushika chungu, na hapo hakuwa na hiari tena, akala kwangu. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikambadilisha nguo kama mtoto. Nilikuwa nimekwisha kuchoka tangu zamani, nikachoka zaidi.

Siku moja baada ya adhuhuri nilikuwa nikimnywesha uji. Akanishika kifundo cha mkono, kijiko kikamwagika.

"Mwanaisha."

"Labeka, mama."

"Nimekaa na kinyongo chako moyoni miaka yote hii. Sitaki kwenda nacho kwa Mola wangu." Akapumua, akapumzika, akaendelea. "Uliniulia mwanangu. Lakini nimekusamehe. Nimekusamehe dunia na akhera."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umetulia, sikuwa nimeuona umetulia hivyo tangu tulipomzika Nassoro. Maneno yote ya miaka ile yalikuja mpaka kwenye meno.

Nikamwambia, "Ahsante, mama. Mungu akulipe kheri."

Akaniachia mkono, akafumbua kinywa, nikaendelea kumlisha.